“Ni sistimu imekataa”: dhana potofu kuhusu akili mnemba na sheria

Wiki hii pekee nimeisikia mara tatu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana, dhana kwamba kompyuta ikishaamua hakuna sheria ya kuipinga, na nimeona niiandike.

Niliyewahi kumsikia akiisema kwa uchungu zaidi ni mama mmoja muuza leso hapa Mombasa, mteja wangu wa masuala ya sheria kwa miaka mingi. Mwaka jana aliomba mkopo wa shilingi 60,000 kwa simu ili aongeze mzigo kabla ya Ramadhani. Hata hajaiweka simu chini, jibu lilikuwa limeshafika: ombi limekataliwa. Akapiga huduma kwa wateja, akaambiwa, “Mama, ni sistimu imekataa, sisi hatuwezi kuiingilia.” Naye akanyamaza. Kwangu alikuja kwa shughuli nyingine kabisa, hati ya nyumba ya marehemu mumewe, na habari ya mkopo aliitaja akiwa mlangoni anavaa viatu. “Si kitu, mwanangu. Mashine haina sheria.”

Nikamwomba avue viatu, arudi kuketi.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii: ati kwa vile Kenya haina sheria inayoitwa Sheria ya Akili Mnemba (AI), uamuzi wa mashine hauna pa kupingiwa. Una pa kupingiwa, tangu Novemba 2019, Sheria ya Ulinzi wa Data ilipoanza kutumika. Someni kifungu cha 35. Mtu ana haki ya kutoamuliwa jambo linalomgusa kwa uzito kwa njia ya kompyuta peke yake. Kuna nafasi zilizoachwa, kwa mfano pale uamuzi unapohitajika ili mkataba ufungwe, au mwenyewe aliporidhia. Mawakili wa kampuni hukimbilia hapo na kutua. Hawaendelei kusoma. Kifungu hichohicho kinasema kampuni ikiamua kwa kompyuta pekee, lazima imjulishe mhusika kwa maandishi kwamba hivyo ndivyo ilivyoamua, na mhusika anaweza kudai uamuzi uangaliwe upya, au ufanywe mwingine usiotegemea kompyuta pekee. Kwa hiyo yule kijana wa huduma kwa wateja alikuwa anamweleza mama kinyume cha sheria. “Hatuwezi kuiingilia” si jibu. Kuiingilia wakiombwa ni wajibu wao.

Barua tuliyoandika ilikuwa na sentensi nne. Niliomba mkopo tarehe hii, saa hii, nikakataliwa papo hapo. Nijulisheni kama uamuzi huo ulifanywa na kompyuta pekee. Kama ndivyo, naomba mtu auangalie upya kwa mujibu wa kifungu cha 35. Pia naomba nakala ya taarifa zangu mlizotumia.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na namsihi kila mteja asiiache. Siku ya sita nakala ikaja, karatasi mbili. Mstari wa tatu ulionyesha deni la mwaka 2017 lisilolipwa, chini ya namba yake ya simu. Mama laini ile aliinunua 2020. Namba ilikuwa ya mtu mwingine, ikakaa bila kutumika, kampuni ya simu ikaiuza upya, na deni la mwenye namba wa kwanza likahamia kwake. Karani mwenye kitambulisho mkononi angeona mara moja kwamba majina hayalingani. Kompyuta haikuulizwa jina, iliulizwa namba. Tulidai kosa lirekebishwe, likarekebishwa, na mkopo ukatoka. Ramadhani ilikuwa imeshaisha.

Zipo kampuni zinazojitetea kwamba kompyuta yao hutoa alama tu, yaani makadirio ya kama mtu atalipa deni, na anayeamua ni mtu. Hoja hiyo ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayowapa wakopaji alama. Desemba 2023 mahakama ilisema kwamba kama mkopeshaji anaitegemea alama hiyo kwa uzito, basi kuitoa tu ni kuamua. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini kifungu chetu na chao ni ndugu wa damu, na mimi huitaja kila nipatapo nafasi.

Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hulipi kitu, na sheria inaipa ofisi siku 90 kulichunguza lalamiko na kulimaliza. Na tafadhali, tafadhali, acheni kupiga simu. Simu haiachi alama. Piga picha ya skrini yenye saa na tarehe, kisha andika.

Zipo dhana nyingine ninazoletewa. “Nilibonyeza nakubali, kwa hiyo nimeuza haki zangu.” Hapana. Haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya hubaki hata baada ya kuridhia, na ridhaa yenyewe unaweza kuiondoa wakati wowote.

“Serikali imeshatunga sheria ya akili mnemba mwaka 2025.” Kilichozinduliwa Machi 2025 ni mkakati wa taifa wa hadi 2030. Mkakati ni mpango. Huwezi kumshtaki mtu kwa mkakati.

“Sheria ya Ulaya ni ya Wazungu.” Hii huisikia kwa vijana wanaotengeneza programu. Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kufanya kazi 1 Agosti 2024 na inayotekelezwa kwa awamu, inamgusa hata aliye nje iwapo matokeo ya mfumo wake yanatumika kule. Ukikaa Nyali, hapa Mombasa, ukatengeneza mfumo wa kuchuja maombi ya kazi ya hoteli ya Berlin, umo ndani yake. Faini ya juu kabisa, kwa matumizi yaliyopigwa marufuku, ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya dunia nzima, ile iliyo kubwa.

“Roboti ndiyo iliyokosea, si kampuni.” Air Canada, shirika la ndege la Kanada, walijaribu kusema hivyo. Roboti ya tovuti yao, programu inayojibu maswali ya wateja, ilimpa abiria aliyefiwa maelezo ya uongo kuhusu nauli ya msiba, nao wakadai inawajibika yenyewe kwa matendo yake. Februari 2024 baraza la kuamua migogoro la jimbo la British Columbia lilikataa, wakaamriwa kumlipa.

Na ya mwisho: “Nimeshaandikiwa barua na akili mnemba, wewe weka sahihi tu.” Juni 2023 mawakili wa New York walitozwa dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo mashine ilizitunga. Barua niliyoletewa Jumatano ilinukuu hukumu ya Mahakama Kuu ambayo nimeitafuta nikaikosa. Niliikata aya hiyo yote, nikabakisha tarehe, saa, na ombi la nakala.