Je, wajua kwa nini tunawaulizia watu wa mtandaoni ambao hatujawahi kuwaona?

Chukua mfano wa kikundi cha mtandaoni cha wapenzi wa kufuma, ambamo watu wasiofahamiana huonyeshana masweta, kofia na mablanketi waliyoyatengeneza. Mmoja wao, anayejulikana kwa jina la kujipa tu, ametuma picha kila Jumapili jioni kwa miaka mitatu, daima juu ya meza ileile ya mbao yenye doa jeusi pembeni, na daima kikombe kikiwa kimeingia nusu ndani ya picha. Picha yake ya mwisho inaonyesha sweta la kijani lenye mkono mmoja, na chini yake ameandika kwamba mkono wa kushoto umebaki kidogo, ataumaliza wiki ijayo. Jumapili inayofuata hakuna picha. Ya pili, hakuna. Baada ya miezi miwili mtu mwingine, ambaye naye hajawahi kukutana naye, anauliza: "Jamani, yule mwenzetu wa sweta la kijani yuko wapi?" Kabla ya siku kwisha watu wengi wamejibu kwamba wao pia walikuwa wakijiuliza hilohilo, ila kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Jambo hili huwashangaza hata wanaolipitia. Hawajui sura ya mtu huyo, hawajui umri wake wala nchi anakoishi, na lau wangepishana naye njiani wasingemtambua. Iweje basi kutoonekana kwake kuwasumbue kuliko kutoonekana kwa jamaa wa mbali ambaye hawajazungumza naye kwa mwaka mzima?

Sehemu ya jibu ni mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa maneno yasiyo na maana, alama ngeni na picha za nyuso, baadhi mara chache na baadhi mara nyingi, kisha wakaulizwa walivipendaje. Vile vilivyoonekana mara nyingi zaidi ndivyo vilivyopendwa zaidi, ingawa watu hao hawakuwa na habari yoyote juu yake. Kama kurudiarudia peke yake kunaweza kuzaa mapenzi kwa alama isiyosomeka, si ajabu kwamba miaka mitatu ya meza moja na kikombe kimoja huzaa kitu kinachofanana sana na ujirani.

Lakini mazoea ya kikundi cha watu wenye mapenzi ya jambo moja yana sura yake ya pekee, kwa sababu tunachokizoea ni mkono wa mtu. Mfumaji mzoefu akitazama kazi ya mwenzake huona namna anavyokaza uzi, namna anavyofunga ukingo, rangi anazozikwepa na kosa dogo analolirudia kila mara. Waendeshaji wa simu za maandishi za zamani, waliotuma habari kwa milio mifupi na mirefu ya Morse, walilijua hilo vizuri: waliweza kumtambua mwenzao aliye mamia ya kilomita mbali kwa mdundo wa upigaji wake tu, kabla hajajitaja. Kwa hiyo ni kweli kwamba hatumjui mtu wa sweta la kijani, na ni kweli pia kwamba tunajua juu yake jambo ambalo huenda ndugu zake wenyewe hawalijui.

Mdundo huo ndio unaotufanya tugundue kutokuwapo kwake. Mtu anayeandika mara moja kwa miezi minne anaweza kutoweka mwaka mzima bila yeyote kushtuka, kwa kuwa ukimya wake wa leo haupishani na ukimya wake wa kawaida, ilhali anayeonekana kila Jumapili ametuwekea saa vichwani bila kukusudia, na saa hiyo inapopita bila kugonga tunasikia. Ndiyo maana wanaouliziwa sana si lazima wawe mashuhuri au mafundi kuliko wengine. Kwa maoni yangu, mtu wa kawaida mwenye ratiba huacha pengo kubwa kuliko bingwa asiyetabirika.

Kisha kuna ule mkono wa sweta ambao haukumalizwa. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mtafiti aliyefanya kazi mjini Berlin, alichapisha majaribio ambamo watu walipewa takribani kazi ndogo 20 kila mmoja, kama vile mafumbo, hesabu na kutunga shanga, huku nusu ya kazi hizo zikikatizwa njiani. Walipoulizwa baadaye wanakumbuka zipi, walizitaja zilizokatizwa karibu mara mbili ya zilizokamilika. Ni haki kusema kwamba wengi waliorudia majaribio hayo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, na suala la kumbukumbu bado linabishaniwa. Matokeo ya mwenzake Maria Ovsiankina, aliyechapisha kazi yake mwaka 1928, yamesimama imara zaidi: mtu aliyekatizwa katika shughuli huelekea kuirudia mwenyewe apatapo nafasi, hata kama hakuna anayemlazimisha wala kumlipa. Sisi watazamaji wa sweta tumekatizwa vilevile, ila tofauti yetu ni kwamba sindano hazimo mikononi mwetu. Kitu pekee tunachoweza kukirudia ni swali.

Na swali hilo linasumbua kwa sababu ukimya wa mtandaoni hauna alama yoyote ndani yake. Jirani akihama tunaona mizigo ikitolewa, akiugua tunaona watu wakiingia na kutoka, akituchukia tunaiona salamu ikipungua. Mtandaoni, aliyefariki, aliyelazwa, aliyepata mtoto, aliyesahau nenosiri, aliyekasirishwa na neno la mtu na aliyechoka tu na kufuma wote huonekana sawasawa, yaani hawaonekani. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, na akaeleza aina ya msiba ambao hauwezi kufungwa kwa sababu hakuna anayejua kama ni msiba. Ingekuwa utovu wa adabu kuulinganisha uchungu wa familia hizo na udadisi wetu juu ya sweta. Hata hivyo, muundo wa jambo unafanana kwa kiwango kidogo: akili haiwezi kuomboleza wala kusahau, hivyo hubaki ikizungukazunguka.

Ukimya huo huzidishwa na wembamba wa uhusiano wenyewe. Mtafiti Caroline Haythornthwaite, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alionyesha kwamba watu walio karibu sana huwasiliana kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, kama vile simu, barua na kuonana ana kwa ana, wakati wenye uhusiano mwepesi hutegemea njia moja tu ambayo mara nyingi imeanzishwa na mtu mwingine kwa ajili ya wote. Njia hiyo ikiguswa, wale wa karibu huhamia njia nyingine na wale wa mbali hupoteana. Ushahidi wake ulikuja kuonekana baadaye. Mwaka 2017 Photobucket, huduma ambayo wapenzi wengi wa ufundi waliitumia kuhifadhi picha, ilizuia picha hizo zisionekane katika kurasa nyingine ila kwa malipo, na maelezo ya miaka mingi yakabaki na visanduku vitupu. Tarehe 15 Desemba 2020 huduma ya Yahoo Groups ilifungwa baada ya takribani miaka 20, na vikundi vingi ambavyo havikuwa vimehamishwa vikasambaratika. Katika hali kama hizo tunauliza mwenzetu kaenda wapi, kumbe hakwenda popote. Ni baraza lililobomolewa akiwa amelala.

Wengi wa wanaokosekana, kwa kadiri mtu anavyoweza kuona kwa wale wanaorudi na kujieleza, wana sababu za kawaida kabisa. Kazi imebadilika, macho yamechoka, mapenzi ya kufuma yamegeuka kuwa mapenzi ya kufinyanga. Wengine hawajaondoka hata kidogo. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alitoa kanuni yake ya makadirio kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watumiaji 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara chache, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa. Kanuni hiyo ni ya jumla mno kuchukuliwa kama hesabu kamili, lakini inatukumbusha kwamba mtu anaweza kutoka katika kundi la wanaosema na kuingia katika lile kubwa la wanaosoma, akakaa humo miaka, akitazama kila picha mpya na kutabasamu.

Zipo jumuiya zilizopata namna ya kuufanya ukimya usikike, na mfano mzuri ni wa zamani kuliko intaneti. Wanaredio wa ridhaa, yaani wale wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi tu bila kutafuta faida, wana desturi ya kukutana hewani kwa saa na masafa waliyokubaliana. Msimamizi huita alama ya utambulisho ya kila mwanachama, moja baada ya nyingine, na kila anayeitwa hujibu. Asiyejibu, sekunde chache za mkwaruzo mtupu wa redio hufuata jina lake, kisha huitwa tena, kisha msimamizi huendelea na mwingine. Kila aliyeko hewani amezisikia sekunde hizo, na kwa hiyo hakuna anayebaki akidhani kwamba ni yeye peke yake aliyetambua. Mwanaredio akifariki, wenzake humwita "kitufe kilichonyamaza", kwa kumbukumbu ya kile kitufe cha kupigia Morse, na jarida la QST, ambalo chama cha wanaredio wa Marekani ARRL kimelitoa tangu mwaka 1915, huchapisha alama za waliofariki. Wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiingereza nao wana ukurasa wa kuwaorodhesha wenzao waliokuwa wachapakazi kisha wakatoweka, na mwingine, ulio tofauti, wa waliojulikana kufariki.

Tofauti kati ya kurasa hizo mbili hutegemea jambo moja dogo: je, kuna mtu wa nyumbani aliyejua kwamba kuna watu wa kuarifiwa? Mnamo Novemba 2014 kijana wa Norway, Mats Steen, alifariki akiwa na miaka 25 kwa maradhi ya misuli aliyozaliwa nayo. Wazazi wake waliamini kwamba alikuwa mpweke, kwa sababu walimwona akikaa saa nyingi mbele ya kompyuta akicheza mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft. Baba yake alipoandika habari za msiba katika blogu ya mwanawe, barua zilianza kuingia kutoka nchi mbalimbali, zikieleza mashauri aliyotoa na watu aliowapatanisha, na baadhi ya wachezaji wenzake walisafiri kuja kumzika. Kama tangazo hilo lisingeandikwa, kwao angebaki mchezaji aliyeacha kuingia.

Siku hizi zipo njia rasmi za kupunguza hali hiyo. Tangu mwaka 2013 Google humruhusu mwenye akaunti kuchagua watu, hadi 10, watakaopelekewa taarifa akaunti yake ikikaa bila kutumika kwa muda aliouweka, na tangu 2015 Facebook humruhusu mtu kumteua wa kusimamia ukurasa wake baada ya kifo. Nina shaka kama wengi huwakumbuka wenzao wa kufuma wanapojaza orodha hizo.

Limebaki la mwisho: kwa nini ilichukua miezi miwili mtu kuuliza? Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu aliye peke yake huchukua hatua upesi katika tukio la kutia shaka, ilhali aliye pamoja na wengine husitasita, kwani kila mmoja huusoma utulivu wa mwenzake kama dalili kwamba hakuna jambo. Katika kikundi cha watu mia tano, wote wakiwa kimya juu ya sweta la kijani, kila mmoja huona ushahidi wa watu mia nne tisini na tisa kwamba hakuna haja ya kuuliza. Wengine husita kwa sababu iliyo bora zaidi: aliyeondoka kwa hiari yake ana haki ya kutofuatwa, na kupekua jina lake halisi au anwani yake ili kujua kama yu hai ni kuvunja mlango ambao yeye aliufunga.

Swali lililoulizwa hadharani, bila kumdai chochote, halivunji mlango huo. Linaweza kuandikwa chini ya picha yake ya mwisho, hapohapo kwenye meza yenye doa, kwa maneno machache: kwamba wenzake wanamkumbuka na kwamba halazimiki kujibu. Akiwa miongoni mwa wale wanaosoma tu, atalikuta. Wapo wanaorudi kwa njia hiyo, na wengine wao hawasemi walikuwa wapi. Hutuma tu picha ya Jumapili.