Kabla ya kuzima mtambo wa makaa, nini kiwe tayari?

Wanaoniuliza ni nchi gani imeachana vizuri na umeme wa makaa ya mawe hutaka niwatajie mwaka. Miaka niliyokaa kwenye mipango ya umeme imenizoeza kuuliza kwanza: siku mtambo unazimwa, nini kilikuwa tayari?

Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Ukishuka stesheni ya East Midlands Parkway, minara yake minane ya kupozea maji inakukabili, mikubwa, haitoi mvuke tena. Lakini makaa yalikuwa yameshindwa zamani, na yalishindwa sokoni. Katika soko la umeme, mtambo wenye gharama ndogo ndio huitwa kwanza kuzalisha. Tozo ya kaboni, yaani ada ya serikali kwa hewa ukaa inayotoka mitamboni, iliyoanza 2013 na kupandishwa 2015 iliyafanya makaa kuwa ghali kuliko gesi, huku upepo wa baharini ukiongezeka. Mitambo ikawa inakaa wiki nzima bila kuitwa, na wenye mitambo wakaifunga. Mwaka 2012 makaa yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi. 2019, kama asilimia 2 tu. Tena wachimbaji walikuwa wachache kufikia hapo: machungu yao waliyapata miaka ya 1980, migodi ilipofungwa kwa wingi.

Ujerumani bado inachimba lignaiti, makaa laini yenye maji mengi, kwa hiyo ililazimika kukaa mezani na wachimbaji, kampuni na majimbo. Sheria ya 2020 iliweka mwisho 2038, na mikoa ya makaa ikaahidiwa hadi euro bilioni 40. Kwangu mimi 2038 ni mbali mno.

Komati ndiyo inayoniuma. Mtambo huu wa makaa wa Eskom, shirika la umeme la serikali, ulioko Mpumalanga, Afrika Kusini, ulizimwa mwisho wa Oktoba 2022, na siku chache baadaye Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 497 za kuugeuza uwe wa jua, upepo na betri. Waajiriwa wa kudumu wa Eskom walipangiwa vituo vingine. Vibarua wa mikataba hawakuwa na kituo cha kuhamia, na vyumba walivyopanga kijijini vikabaki vitupu. Umeme wa jua ulikuwa bado haujasimama. Nchi ilikuwa kwenye mgao mkali, na baadaye mitambo ya makaa ya Camden, Grootvlei na Hendrina, iliyopangwa kufuata, ikaongezewa muda hadi 2030.