Je, wajua? Kwenye gemu hata chura ni zimwi

Ukimuuliza mtu zimwi ni nini atakwambia ni lidude la kutisha linalokula watu, basi. Sasa fungua kitabu cha mazimwi cha Dungeons & Dragons, ile gemu ya dadu na kusimulia hadithi iliyotoka Marekani mwaka 1974; vitabu hivyo vimetoka zaidi ya kimoja. Majoka yamo, sawa, maiti zinazotembea zimo, halafu unashangaa kuna ngamia, kuna farasi, na kwenye kile cha 1977 wamo mpaka wafanyabiashara na mahujaji! Cha 2014 kina chura, uhai wake pointi moja tu na hana hata namna ya kumdhuru mtu. Chura jamani.

Kwa nini? Gary Gygax aliyeandika kile cha 1977 alieleza mwanzoni kabisa kwamba zimwi ni kiumbe chochote ambacho nyie wachezaji mnakutana nacho, kiwe adui kisiwe adui, mtu au mnyama, na mpaka mkijue ni nini basi kwenu ni zimwi. Ubaya na kutisha kaviweka maana ya pili. Mi hii naipenda sana, maana uzimwi unakuwa haupo mwilini mwa kiumbe, upo kwenye kutokujua kwako wewe unayekitazama.

Hadithi za kale zenyewe zinaangalia mipaka. Simba akila watu hata kumi bado ni simba, ila simba anayegeuka mtu usiku, hapo tena hatuko salama. Minotaur wa Wagiriki ana kichwa cha ng'ombe na mwili wa mtu, Medusa nywele zake nyoka, maiti ikiamka imechanganya uhai na kifo, yaani kila mmoja kavuka mstari ambao watu wanautegemea ili dunia ieleweke. Warumi walikuwa na neno monstrum, nalo lilimaanisha ishara ya onyo, hata ndama akizaliwa na vichwa viwili aliitwa hivyo, na yule ndama hajamla mtu.

Ila kwenye kujua, gemu na hadithi zinakutana. Si tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha? Na ukilijua wewe je? Cheki Sphinx wa Thebes, mji wa Wagiriki, uso wa mwanamke, mwili wa simba, mabawa juu, anatega kitendawili na ukishindwa anakula. Oedipus, shujaa wa hadithi hiyo, hakumpiga hata kofi, alitoa jibu tu, "mtu", na Sphinx akajirusha kutoka juu akafa.