Usalama wa Mwanafunzi Anayeanza Kupuliza Kioo

Maswali kuhusu mafunzo mafupi ya kupuliza kioo yamezidi kutufikia sisi maafisa wa usalama na afya kazini hapa Nairobi. Mengi yanatokana na dhana kwamba karakana inayopokea wanafunzi wa siku moja si mahali pa kazi, na kwamba aliyetia saini fomu ya kukubali hatari hana tena la kudai. Dhana zote mbili ni potofu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu, na lengo lake ni kuwakinga hata wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za hapo. Mwenye karakana asiyetimiza wajibu wa kuhakikisha usalama wa wanaofanya kazi humo anaweza, akipatikana na hatia, kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Saini ya mwanafunzi haiufuti wajibu huo.

Kioo kilicho tanurini huwa na joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi, na kwa kuwa kinang'aa, kila mtu hukiogopa. Kinachowaunguza wanaoanza ni kile kilichokwisha kupoteza wekundu wake, kwa maana kioo chenye nyuzi 400 hakitofautiani kwa macho na kioo baridi. Kwa hiyo usiguse kitu chochote, hata kipande kilichoanguka sakafuni au bomba la kupulizia kioo lililoegeshwa ukutani, kabla mkufunzi hajakuruhusu.

Vaa pamba. Polista na nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi, na nywele za kusukia za nyuzi bandia huyeyuka vilevile, hivyo zifungwe nyuma na kufunikwa. Viatu viwe vya ngozi na vifunike mguu wote. Inasikitisha kwamba, baada ya maelezo yote tunayotoa, bado wapo wanaofika mbele ya tanuri wakiwa wamevaa ndara.

Wengi hudhani kwamba kazi hii inadai mapafu yenye nguvu. Pumzi ndogo inatosha. Kinachodai bidii ni kulizungusha bomba bila kukoma, kwa sababu kioo laini huteremka kama asali mara mkono unaposimama. Bomba likipitishwa kutoka mdomo hadi mdomo, una haki ya kudai lisafishwe kwanza.

Malalamiko mengine ni ya wanaokataliwa kuondoka siku ileile na chombo walichotengeneza, na hapa naomba mwenye karakana asilaumiwe. Kioo kikiachwa kipoe hewani, tabaka la nje hukakamaa na kusinyaa ilhali ndani bado kuna moto. Sehemu ya ndani inapokuja kusinyaa baadaye, mvutano hubaki umefungika humo, na chombo kinaweza kupasuka baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa, pengine kikiwa mkononi mwa mtoto. Ndiyo maana huingizwa katika tanuri la kupozea, kikashikiliwa kwenye nyuzi zipatazo 500, kisha joto likapunguzwa polepole usiku kucha. Wanaotoka jijini kwenda kujifunza Kitengela, ambako vioo vilivyotumika huyeyushwa upya, wapange safari ya pili ya kuchukua kazi zao.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta ya kupikia. Mwajiri anatakiwa kumpelekea afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake taarifa ya maandishi ya ajali, kwa fomu iliyowekwa, ndani ya siku 7. Ajali ikisababisha kifo, afisa huyo hujulishwa ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi bado hufuata. Mwanafunzi aliyeumia na kuona kwamba tukio lake halikuandikwa anaweza kufika mwenyewe katika ofisi ya afisa huyo na kulieleza.