Kitalu nyumba hakitunzi mazingira chenyewe

Wengi Dodoma huamini kwamba ukishajenga kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mboga, na kutandaza mipira ya kumwagilia kwa matone, mazingira umeshayatunza. Si kweli. Nailoni ileile inayokinga nyanya huzuia pia mvua isioshe chumvi kwenye udongo. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi: mmea hunywa maji, chumvi inabaki. Baada ya misimu michache utaona ukoko mweupe kando ya matone, na kingo za majani zikiungua. Hapo ndipo wengi huongeza mbolea ya dukani, ambayo nayo ni chumvi, na hali huzidi kuharibika.

Dawa iko juu ya paa. Kitalu cha mita 8 kwa 30 kina mita za mraba 240, hivyo kila milimita 1 ya mvua huleta lita 240. Kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, hata robo ikipotea, unavuna lita 99,000. Funga mifereji pande zote mbili, mwaga maji ya mwanzo yenye vumbi la kiangazi, na ufunike bwawa la kuhifadhia maji hayo, maana jua letu hulikausha upesi. Kabla ya kupanda, loweka matuta kwa maji hayo mpaka chumvi ishuke chini ya mizizi.