Uhamaji wa kaya na mapato: kaunti "ikipoteza" mamilioni, nini kimeondoka?

Uhamaji wa kaya na mapato ni hesabu ya kaya zilizoingia na zilizotoka katika kaunti kati ya mwaka mmoja na unaofuata, pamoja na kipato zilichotangaza. Nchini Marekani hesabu hii hutolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Hakuna anayebisha hodi mlangoni: anwani iliyo kwenye ritani (fomu ya kutangaza mapato kwa ajili ya kodi) ya mwaka huu hulinganishwa na ya mwaka uliotangulia, na ikionyesha kaunti nyingine, kaya imehama. Ritani moja huchukuliwa kuwa takriban kaya moja.

Idadi ya kaya pekee haitoshi. Tuseme zimetoka kaya 100 zenye wastani wa dola 40,000, zikaingia 100 zenye wastani wa dola 60,000. Kwa kaya, kaunti imebaki ilivyokuwa. Kwa mapato, imeongeza dola milioni 2.

Ila hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu akisikia kaunti "imepoteza" mamilioni, hudhani fedha zimefungashwa na kuondoka. Mwalimu akihama, shule huajiri mwingine na mshahara hubaki palepale. Mgodi ukifungwa, mshahara umekwisha hata kabla mchimbaji hajapakia vyombo vyake. Kinachosafiri kweli na mwenyewe ni pensheni, gawio la hisa na kazi inayofanywa kwa kompyuta kutoka popote. Kaunti ya Teton, Wyoming, ni mfano mzuri: sehemu kubwa ya utajiri wa wakazi wake inatokana na uwekezaji, na jimbo halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza ni mapato ya aina gani, kiasi baadaye.

Kipimo chenyewe kina matundu, na vijijini yanaonekana zaidi. Wazee wasio na kipato cha kutosha kulazimika kujaza ritani hawamo kabisa. Mkulima mwenye ardhi kubwa anaweza kuonekana maskini, kwa kuwa gharama za shamba zimeshaondolewa. Halafu kuna udogo wenyewe: Kaunti ya Loving, Texas, ilihesabiwa watu 64 katika sensa ya 2020. Hapo tajiri mmoja akihamia, wastani wa mapato unaweza kupaa na majirani wasiongezewe hata senti.