Godoro gumu si dawa ya mgongo
Kwenye magrupu ujumbe ni ule ule: "Mgongo unauma? Lalia godoro gumu kabisa, au lala sakafuni." Si kweli. Utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ukachapishwa 2003, ulionyesha kuwa waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi kuliko wa godoro gumu.

Mkanganyiko huanzia dukani. Muuzaji akisema "hai densiti", wengi tunasikia "gumu". Densiti ni uzito wa sponji kwa ujazo wake. Huhusu zaidi kudumu kwa godoro. Sponji nzito inaweza kuwa laini.

Jipime mwenyewe: lala chali dakika kumi, kisha pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwenye uwazi mkubwa, godoro ni gumu mno kwako. Kikikwama huku nyonga zimezama, ni laini mno.

Kigodoro chembamba cha kutandika juu hulainisha godoro gumu ambalo bado zima. Lililobonyea katikati hakiliokoi, kitafuata bonde lile lile.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Kuna mzazi wa mtu atakayehamia sakafuni na kiuno chake kibovu kwa kuuamini.